Reli Juu ya Nguzo: Garimoshi Dogo Lipakialo Watu Wazima

Nchini Uingereza zimo bustani za nyumbani ambamo mgeni hukuta njia ya reli iliyoinuliwa juu ya nguzo, kimo cha goti au zaidi kidogo. Juu yake hupita garimoshi dogo la mvuke halisi: hula makaa, hunywa maji, na huvuta watu wazima walioketi kama wapandao punda. Upana wa njia, yaani nafasi iliyopo baina ya reli mbili, mara nyingi ni milimita 127 tu. Reli ya zamani ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma ina upana wa milimita 1,000, karibu mara nane ya huo.

Kwamba jambo hili lawezekana hakukukubaliwa kwa urahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ulizuka ubishi mkali katika jarida la Model Engineer, lililoanzishwa na Percival Marshall mwaka 1898. Mwandishi aliyetumia herufi LBSC badala ya jina lake alishikilia kwamba injini ndogo yenye moto wa makaa yaweza kumvuta binadamu; wengine waliona spiriti ndiyo inayofaa. Injini yake iitwayo Ayesha, ya njia ya inchi 2½, ilimvuta mtu na kumpa ushindi.

Basi kwa nini reli ipandishwe juu ya nguzo? Sababu ni kwamba injini hupunguzwa, mabehewa hupunguzwa, lakini abiria habadiliki. Kilo zake 70 ni zile zile. Njia ikiwa chini ardhini, hana pa kuiweka miguu. Hulazimika kuikunja mbele yake, naye huyumba. Ikiinuliwa, miguu huning'inia pande mbili na kukanyaga ubao ulio chini ya usawa wa reli, na kitovu cha uzito hushuka. Dereva naye huufikia moto na vali bila kujikunja mgongo.

Hata hivyo, kitovu hicho hubaki juu ya reli, na hapo ndipo penye hatari. Tuchukue mfano wa mpindo wenye nusu kipenyo cha mita 10, na kitovu cha uzito kikiwa milimita 400 juu ya reli. Kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, mstari wa uzito husogea upande wa nje kiasi cha milimita 16. Si neno, maana kutoka katikati hadi kwenye reli kuna milimita 63. Lakini mwendo ukiongezwa mara mbili, msogeo huongezeka mara nne, kwa kuwa kasi huzidishwa kwa kasi yenyewe. Msogeo huwa milimita 65, na behewa hupinduka pamoja na aliyelipanda. Kuinua reli ya nje husaidia, ila kwa kiasi: garimoshi likisimama pale pale, abiria aliyeinama huweza kuangukia ndani.

Jambo la pili ni usawa. Ardhi ya bustani huinuka na kushuka, lakini nguzo zaweza kukatwa kwa vimo mbalimbali hata vichwa vyao vikawa sawa. Mpira mwangavu uliojaa maji, ule ule autumiao fundi mwashi wa kwetu, watosha kuupima usawa huo. Kazi hii si ya urembo. Injini ya kilo 50 iliyo juu ya reli kavu huweza kuvuta kwa kani ya nyutoni 100 hivi kabla ya magurudumu kuteleza. Ikiwa garimoshi zima lina kilo 300, mwinuko wa mita 1 katika kila mita 50 hula karibu nyutoni 60 za kani hiyo. Umande ukianguka, safari imekwisha.

Nguzo nazo zisiachane mno. Boriti ile ile, ikibeba mzigo ule ule katikati, hubonyea mara nane zaidi pindi nafasi kati ya nguzo ikiongezwa mara mbili. Tena udongo wa mfinyanzi wa London hunywea wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika, hivyo msingi wa zege hauna budi kuvuka udongo wa juu.

Joto nalo lina hesabu yake. Tofauti ya digrii 40 baina ya usiku wa baridi na mchana wa jua hurefusha njia ya chuma ya mita 60 kwa milimita 29, na ya alumini kwa milimita 55. Kwa hiyo vibamba vya kuungia reli hutobolewa matundu marefu, ili bolti zipate kusogea. Akazaye kila kiungo kabisa ataikuta njia yake imepinda kama nyoka.

Mwisho kuna kero ambayo wajenzi wengi huikumbuka wakiwa wamechelewa: njia ya mviringo huikata bustani vipande viwili. Dawa yake ni kipande cha reli kinachofunguka kama mlango. Kipande hicho yafaa kiunganishwe na ishara nyekundu inayojiinua yenyewe kila kifunguliwapo, tena iwekwe mbali kiasi cha kumwezesha dereva kusimamisha garimoshi lenye abiria.