Bingwa wa Kung'aa Amejificha Vumbini

Galaksi inayozaa nyota kwa pupa hujifunika yenyewe. Nyota changa kubwa hutoa mwanga mkali wa urujuanimno. Chembe za vumbi, nyingi zikiwa hazifikii hata sehemu ya elfu ya milimita, huumeza mwanga huo, zikapata joto kidogo, kisha zikautoa upya kama infraredi. Takriban nusu ya mwanga wote wa nyota tangu ulimwengu uanze umepitia mkondo huo. Ndiyo maana mabingwa wengi wa kung'aa hawaonekani vizuri kwa macho.

Aliye jirani kuliko wote ni Arp 220, umbali wa miaka ya nuru milioni 250 hivi: galaksi mbili zilizogongana, zenye mng'ao unaopita Jua trilioni moja. Ukubwa wa mng'ao huo ulijulikana baada ya satelaiti ya IRAS kurushwa mwaka 1983.

Kombe la kujificha nampa HDF850.1, bila kusita. Desemba 1995 darubini ya Hubble ilikodolea kipande kimoja kidogo cha anga kwa siku 10, ikanasa galaksi zipatazo 3,000. Mwaka 1998 darubini ya James Clerk Maxwell, huko Hawaii, ikakipima kipande kilekile kwa mawimbi mafupi kidogo kuliko milimita moja. Kilichong'aa kuliko vyote hapo hakikuwemo katika picha ya Hubble! Umbali wake ulibaki fumbo hadi 2012, ilipothibitika kwamba mwanga huo uliondoka ulimwengu ukiwa na umri wa miaka bilioni 1.1 hivi. Galaksi hiyo ilikuwa ikitengeneza kila mwaka nyota zenye uzito wa mamia ya Jua. Njia ya Maziwa yetu hutengeneza za uzito wa Jua moja au mbili tu.

WISE J2246-0526 ilitangazwa mwaka 2015 kuwa galaksi yenye mng'ao mkubwa kuliko zote zilizojulikana: zaidi ya Jua trilioni 300. Ushindi huo una walakini, maana anayelipasha moto vumbi lake hasa ni shimo jeusi, si nyota changa.

Kwa ukongwe wa vumbi, mmojawapo wa vinara ni MACS0416_Y1, ambako darubini za ALMA nchini Chile ziliona vumbi la miaka milioni 600 tu baada ya Mlipuko Mkuu. Vumbi la mapema hivyo linadhaniwa kutoka kwa nyota kubwa zilizolipuka. Inawezekana: mabaki ya supanova 1987A pekee yana vumbi la uzito wa karibu nusu ya Jua.

Nasi tumo humohumo. Katika kila fotoni trilioni moja za mwanga wa kawaida zinazotoka kitovu cha Njia ya Maziwa kuelekea kwetu, inayofika ni kama moja.