Ugo wa Miti Katika Nchi ya Baridi
Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako baridi ya kipupwe huweza kushuka hata nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri, mwenye kutaka kusitiri ua wake na macho ya majirani hana budi kuchagua miti kwa taamuli. Thuja, mti wa asili ya huko, hustahimili baridi hiyo na hubaki na majani mwaka mzima. Lakini ardhi igandapo mizizi haipati maji, ilhali jua na upepo huyakausha majani mpaka yakageuka rangi ya kutu, kwa hiyo ni wajibu kuunywesha vema kabla ya ardhi kuganda. Kulungu nao hupenda mno kuyala majani yake. Wanapozoea kuja, naona afadhali kupanda mlilaki, kichaka ambacho hawakipendi sana, ingawa hukaa bila majani kipupwe chote.