Uteuzi wa Programu ya Kunasia Skrini kwa Maelezo ya Wanafunzi: Mfano wa Juja

1. Utangulizi

Uteuzi wa vifaa vya kufundishia lugha aghalabu huachiwa mafundi, ilhali ni suala la mwalimu kwanza. Makala haya yanachunguza sehemu moja ya suala hilo: uteuzi wa programu ya kunasia skrini, yaani programu inayohifadhi kwa pamoja sauti ya msemaji na yale anayoyaandika au kuyaonyesha kwenye kioo cha simu au tarakilishi, ili mwanafunzi aeleze alichojifunza. Hoja inayotetewa ni kwamba programu ifaayo si ile yenye mapambo mengi, bali ile inayohifadhi fikra ya mwanafunzi pamoja na makosa yake, na ambayo hata mwanafunzi asiye na uwezo anaweza kuitumia.

Juja, mji ulio kati ya Ruiru na Thika, unafaa kwa mjadala huu. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichoanza mwaka 1981 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Mpango wa serikali wa ujuzi wa dijitali ulipoanza katika shule za msingi mwaka 2016, chuo hicho, kwa ubia na kampuni ya Positivo BGH, kilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kutoa vishikwambi kwa wanafunzi na vipakatalishi kwa walimu. Aidha, mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unaweka ujuzi wa dijitali na mawasiliano miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Vyombo, basi, vipo kwa kiasi fulani. Linalobaki ni kuamua vifanye kazi gani.

2. Maelezo kama ushahidi wa kujifunza

Zoezi lenyewe si geni. Mwalimu wa Kiswahili amezoea kumwita mwanafunzi ubaoni na kumwambia aeleze jibu lake. Udhaifu wa ubao ni kwamba maelezo hupotea mara tu yakishasemwa, na katika kipindi kimoja ni wachache wanaopata zamu. Programu ya kunasia skrini huondoa udhaifu huo.

Mathalani, mwanafunzi aulizwe kwa nini husemwa kisu kimeanguka lakini kipofu ameanguka, ingawa nomino zote mbili huanza kwa ki-. Katika mtihani wa kuandika atajaza viambishi barabara na kupata alama zake. Akitakiwa kueleza, huenda akasema kwamba kipofu ni mtu. Akifika kwenye kifaru ameanguka atasita, afute neno "mtu" na kuandika "chenye uhai". Akikutana na mti umeanguka atalazimika kusita tena, kwa kuwa mti nao una uhai, mpaka atambue kwamba kanuni inahusu watu na wanyama. Kusita huko mara mbili ndiko kunakomwonyesha mwalimu kwamba kanuni imeeleweka, wala haikukaririwa tu.

3. Vigezo vya uteuzi

Kigezo cha kwanza kinatokana na mfano huo. Programu yenye zana nyingi za kuhariri humshawishi mwanafunzi akate kila kosa na kutoa onyesho safi, na pamoja na makosa hayo hukatwa ushahidi. Programu kama Explain Everything, iliyotoka mwaka 2011, ina sifa ya kuwa ubao wa kuandikia na kinasa sauti kwa wakati mmoja. Sifa hiyo inafaa ngeli na sarufi kwa jumla, mradi mwalimu aagize kwamba kosa lisahihishwe kwa kusemwa, lisifutwe.

Kigezo cha pili ni chombo alicho nacho mwanafunzi. OBS Studio haina malipo na ina nguvu, lakini huhitaji tarakilishi. Mwanafunzi aliyepanga chumba Gachororo akiwa na simu tu hawezi kuitumia. Kwa upande mwingine, mfumo wa Android tangu toleo la 11 la mwaka 2020, na ule wa iPhone tangu mwaka 2017, una kinasa skrini chake wenyewe.

Kigezo cha tatu ni gharama ya kutuma. Video ya dakika 3 inayonaswa kwa megabiti 1 kwa sekunde hufikia megabaiti 22.5, darasa la wanafunzi 40 litatuma megabaiti 900 kwa zoezi moja. Sauti peke yake kwa kilobiti 32 kwa sekunde haifiki megabaiti 1 kwa kila mwanafunzi. Kwa hiyo, pale ambapo bando ni mzigo, picha ya daftari pamoja na sauti hutosha, na programu inayofanya kazi bila mtandao haina budi kupewa kipaumbele.

Kigezo cha nne ni hifadhi. Loom na nyinginezo za aina yake huweka video kwenye seva za mbali. Sauti ya mtoto humtambulisha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa. Shule itakayopuuza jambo hili itakuwa imemfundisha mtoto sarufi na kumnyima haki.

4. Hitimisho

Vigezo hivi vinne vinapopimwa pamoja, kinasa skrini kilichomo ndani ya simu hushinda mara nyingi programu zilizo maarufu zaidi, na pasipo simu ya aina hiyo, picha na sauti huchukua nafasi yake. Menyu za programu nyingi ziko kwa Kiingereza, lakini jambo hilo halimzuii mwanafunzi kufikiri na kusema kwa Kiswahili sanifu. Kinachoweza kumzuia ni zoezi lililopangwa vibaya. Mwalimu na aandike kwanza swali linalodai maelezo, ndipo atafute programu. Akianza na programu, atapata video nyingi na maelezo machache.