Je, Wajua? Si Kila Kinyago Cheusi ni Mpingo

Kinyago cheusi kikikupendeza, usikinunue kwa rangi yake. Kigeuze. Kwangua kidogo chini ya kitako, mahali pasipoonekana: mpingo wa kweli ni mweusi wenye zambarau hadi ndani, na pengine mchongaji ameacha ukanda wa manjano hafifu, yaani mti wa nje uliokikumbatia kiini. Ukiona weupe chini ya weusi, hiyo ni rangi ya viatu juu ya mti mwepesi, mara nyingi jakaranda, mti wenye asili ya Amerika Kusini. Kipimo kingine ni maji. Mpingo huzama.

Muhugu, kipenzi cha wachongaji Wakamba kwa miaka mingi, hujulikana kwa pua: ukiukwangua, harufu tamu hutoka, hata kama kinyago ni cha zamani.

Kutambua mti kwa mbao zake hakuishii kwenye vinyago: mkazi wa Kanja, Embu, ana shule ya miti shambani mwake. Mukima uliosimama kati ya kahawa na chai, ule grevilea wa Australia, ukipasuliwa kuelekea kiini huonyesha madoa yanayong'aa kama ngozi ya kenge. Jirani yake muuru, Vitex keniensis, ni mwenyeji wa miteremko ya Mlima Kenya; mbao zake ni za kahawia iliyopauka, na mafundi samani huziita "Meru oak", ingawa si mwaloni hata kidogo. Muuru unazidi kuadimika, na mimi ningependa kila shamba la Kanja liwe na mmoja.