Mlio Mwembamba Katika Pikapu

Wasikilizaji wetu, mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo liwaudhilo wengi wenye magari ya mizigo: ule mlio mwembamba, kwi, kwi, kwi, kama wa kifaranga aliyepotewa na mamaye, utokao chini ya pikapu bila kujulikana ni wapi hasa. Mwenye gari hushuka, akainama, akatazama, asione kitu. Mwisho huuzoea. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mlio mmoja waweza kuwa wa mpira mkavu usiomdhuru mtu, na mwingine unaofanana nao waweza kuwa wa chuma kinachokaribia kukatika mwendoni.

Wengine, kinyume chake, hukimbilia dukani kununua vipuri kabla ya kujua kinacholia. Hii ni kutupa fedha. Sikio la mtu hudanganywa upesi juu ya mahali, maana chasisi ni chuma kirefu, na sauti hupita ndani yake. Kilichopiga kelele nyuma husikika miguuni pa dereva. Lakini sikio halidanganywi upesi juu ya wakati. Basi kabla ya kuuliza mlio watoka wapi, yafaa kuuliza wafuata nini: injini, mashimo ya barabara, au magurudumu?

Kuijaribu injini ni rahisi. Gari lisimame, gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, kisha mwenzako akanyage mafuta kidogo kidogo. Mlio ukienda mbio pamoja na injini, mtuhumiwa wa kwanza ni mkanda unaozungusha alterneta. Mkanda hulia zaidi asubuhi yenye umande, injini inapowashwa tu, kwa sababu wakati huo alterneta ina kazi nzito ya kurudishia betri umeme uliotumika. Mkanda uliolegea hukazwa. Uliopasuka au kung'aa kama kioo hubadilishwa. Mikono, kanga na mikono ya kanzu ikae mbali nao injini iwapo inazunguka.

Kuhusu mashimo, zima injini, kisha watu wawili wauinamishe na kuuachia mkia wa gari mara kadhaa. Pikapu nyingi, kama Toyota Hilux iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1968, zina springi za nyuma zilizofanywa kwa vipande vya chuma vilivyolaliana, na ncha zake zimeshikwa na bushi za mpira. Kikilia, mwagia bushi moja maji, jaribu tena, kisha ya pili. Ile inayonyamaza kwa maji ndiyo mkosaji. Tafadhali usiipake grisi wala oili ya injini: mafuta hayo huuvimbisha mpira na kuulainisha mpaka ukaharibika. Tazama pia boliti zinazoshika sanduku la mizigo, maana sanduku hilo ni kitu mbali na kibanda cha dereva, na likilegea husuguana na chasisi.

Sasa twaja kwenye magurudumu, ndipo penye kazi. Endesha polepole kando ya ukuta mrefu, vioo vikiwa vimeshushwa, kwa kuwa ukuta hurudisha sauti. Gusa breki kidogo. Mlio ukinyamaza au kubadilika, zitazame breki. Pedi nyingi za breki za diski zimetiwa makusudi kijibati chembamba, ili pedi ikiisha kiguse diski na kulia. Huo si ugonjwa, ni tarumbeta ya kuonya, wala haifai kuizima kwa kukikunja kijibati, kama tulivyoona wengine wakifanya.

Breki zisipohusika, chukua chaki, tia alama kwenye tairi la nyuma, na mtu atembee kando, mbali kidogo na gari, huku dereva akienda mwendo wa miguu. Ahesabu. Mlio mmoja kwa kila mzunguko wa tairi ni jambo la gurudumu lenyewe au breki yake. Milio 3, 4 au zaidi ni ya propela shafti, ule mhimili mrefu utokao kwenye gia hadi ekseli ya nyuma. Maana kwa ajili ya meno ya difu, shafti huzunguka mara 3 au 4 hivi tairi likizunguka mara moja. Tulipata kuiona pikapu ya kuchukulia maziwa iliyokwisha badilishwa mkanda na pedi zote bila faida. Kijana mmoja wa shule akaihesabu kwa chaki, akapata milio minne, na shida ikajulikana siku ile ile.

Ilikuwa krosi. Krosi ni kichuma chenye umbo la msalaba kiungacho shafti ili iweze kujipinda ekseli inapopanda na kushuka. Kila ncha yake imevikwa kikombe chenye vyuma vyembamba kama sindano. Maji ya mtoni yakiingia, grisi hutoka, kutu huingia, na ndege huanza kuimba. Zima injini, zuia magurudumu kwa mawe, gia iwe huru, kisha itikise shafti kwa mkono. Ikicheza kwenye krosi, au ukiona vumbi jekundu la kutu kando ya vikombe, usipakie mzigo tena. Krosi ya mbele ikikatika, ncha ya shafti huanguka na kuweza kuchimba barabara gari likiwa katika mwendo.

Krosi yenye tundu la grisi na isiyocheza hupigwa grisi mpaka mpya itokeze katika vikombe vyote vinne. Iliyofungwa kabisa hubadilishwa. Lakini kabla ya kuifungua shafti, fundi atie alama ya chaki pale inapoungana na difu, ili irudishwe vile vile ilivyokuwa. La sivyo mlio utaondoka, na mtetemeko utashika mahali pake.