Kumbe Nyumba Ndogo Yake ni Sarafu!

Mwenzenu nilikuwa nimeshaamua kuondoka. Kila mwezi, Jumamosi moja, mume wangu anaoga, anajipulizia manukato na kupotea mpaka jioni, akirudi hana hela. Nikajua tu, ana nyumba ndogo. Mwezi uliopita nikamwambia, "Leo twende wote." Akacheka. Tukapanda treni mpaka katikati ya London, kwenye ukumbi wa hoteli uliojaa meza za sarafu za kale.

Jamani! Shaba za Warumi za karne ya 4 zimepangwa kwenye trei, nyingine bei ya chakula cha mchana. Mume wangu akanifundisha: kagua ukingo. Ukiona mstari wa maungio, imemiminwa kwenye kalibu, hiyo feki. Na usiisugue, ile kutu ya kijani inailinda.

Meza ya mwisho akanyamaza. Kisarafu cha shaba cha Sultani Ali bin al-Hasan wa Kilwa! Upande mmoja jina lake, wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili zina vina kama shairi. Sarafu 5 za Kilwa ziliokotwa hata Australia, visiwa vya Wessel, mwaka 1944.

"Ilitokaje kwetu?" akauliza. Muuzaji hana karatasi yoyote. Tangu 1964 sheria yetu inataka kibali kutoa vitu vya kale nchini. Akairudisha mezani, macho yamemlowa. Nikamshika mkono.

Shoga, usipekue simu yake. Omba kwenda naye.