Kipima Sauti cha Sebuleni Hakihitaji Kuwa Ghali

Anayetafuta kipima sauti cha kupangia spika za sinema ya nyumbani hukutana na bei zinazopishana mno. Vipo vya mkononi vinavyouzwa pamoja na vifaa vya mafundi umeme, na vipo vya maabara ambavyo bei yake inazidi seti nzima ya spika. Kwenye boksi la kile cha bei nafuu mara nyingi huandikwa kwamba kinaweza kukosea desibeli 1.5 tu, juu au chini. Mnunuzi huiamini namba hiyo na kuamua kwayo, ilhali pembeni yake, kwa herufi ndogo, kuna maelezo kwamba imepatikana kwa sauti ya desibeli 94 yenye masafa ya hezi 1,000, yaani mlio mmoja tu wa kati. Kuhusu mngurumo wa hezi 40, ambao ndio kazi yenyewe ya sabufa, boksi halisemi lolote. Kwa maoni yangu, wanunuzi wengi hulipia usahihi ambao kazi hii haiuhitaji na kusahau mambo mawili inayoyahitaji: kifaa kisichobadilika, na kifaa kinachosikia besi.

Tuiangalie kazi yenyewe. Risiva hutoa mvumo wa majaribio kwenye spika moja baada ya nyingine, sauti inayokaribia mvua kubwa juu ya bati, na kila spika hurekebishwa mpaka kipima kilichowekwa kwenye kiti cha mtazamaji kisome namba ileile. Katika kumbi za sinema namba hiyo ni desibeli 85 kwa spika za mbele. Risiva nyingi za nyumbani huupunguza mvumo kwa desibeli 10 ili usichoshe masikio, kwa hiyo lengo huwa 75. Sasa tuseme kipima chako kinazidisha desibeli 2. Spika zote tano zitasomeka 75 wakati kwa kweli ziko 73. Hakuna kilichoharibika, kwa sababu kilichokuwa kinatafutwa ni ulingano, na ulingano umepatikana. Zile desibeli mbili zilizopungua zinarudishwa kwa rimoti. Kosa lililo sawa kwa kila spika hujifuta lenyewe. Lisilojifuta ni la kifaa kinachosoma 75 sasa na 77 baada ya dakika kumi, huku sauti haijaguswa. Hilo unaweza kulijaribu hapohapo dukani: pima mvumo uleule mara kadhaa, ukiwa umeweka kifaa kwenye mwendo wa polepole unaotoa wastani wa takriban sekunde moja, uone kama namba inarudi palepale.

Kujifuta huko kunakoma tukifika kwenye sabufa, kwa kuwa yenyewe inacheza masafa ambayo spika ndogo hazifiki. Kifaa kinachosikia vizuri sauti za kati na kupuuza besi kitaikosea sabufa peke yake. Ndiyo maana swichi ya kuchagua mpangilio wa A au C ina maana kuliko namba yoyote iliyochapwa kwenye boksi. Mpangilio wa A uliundwa kuiga sikio la binadamu kwenye sauti ndogo, kwa kufuata vipimo vilivyochapishwa na Harvey Fletcher na Wilden Munson huko Marekani mwaka 1933. Kwenye hezi 50 unakata desibeli 30, na kwenye hezi 31.5 unakata 39. Mpangilio wa C, kwenye hezi hizo 31.5, unakata 3 tu. Aliyeacha swichi kwenye A ataiona sabufa yake iko chini, ataipandisha, ataipandisha tena, mpaka vioo vya madirisha vitetemeke na maneno ya waigizaji yamezwe na mngurumo. Kipima kisicho na C kisinunuliwe kwa kazi hii, hata kikiwa cha bei ya kutupa.

Hata hivyo C nayo haiwezi kuokoa maikrofoni dhaifu. Wapenzi wa sinema za nyumbani huko Marekani walitumia kwa miaka mingi kipima cha bei nafuu kutoka maduka ya RadioShack, kampuni iliyofilisika mwaka 2015. Walipokilinganisha na vifaa bora waligundua kwamba kinapunguza besi za chini kabisa, wakatengeneza majedwali ya desibeli za kuongeza kwa kila masafa. Kosa linalojulikana na lisilohama lina dawa. Leo dawa hiyo imeboreshwa: maikrofoni ya USB kama UMIK-1 ya miniDSP ina namba yake ya pekee, na kwa namba hiyo mnunuzi hupakua faili la marekebisho la maikrofoni ileile aliyoishika. Ikiunganishwa na kompyuta yenye programu ya bure ya Room EQ Wizard, inachora masafa yote badala ya kutoa namba moja. Mwenye kompyuta ya mkononi atafaidika zaidi na hiyo kuliko na kipima cha maabara.

Na simu je, ambayo kila mtu anayo tayari? Mwaka 2014 watafiti wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, walichapisha majaribio ya programu za kupima sauti. Chache za iPhone zilikaribia kifaa chao cha rejea kwa desibeli 2. Kwenye Android, programu ileile ilitoa majibu tofauti kwenye simu tofauti. Kwa kulinganisha spika za kawaida, simu moja isiyobadilishwa inaweza kutosha. Kwa sabufa sishauri, maana maikrofoni ya simu imekusudiwa mazungumzo, na simu nyingi hukata besi makusudi ili kupunguza kelele za upepo.

Chumba nacho hukosea kuliko kifaa. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo katika sebule ya urefu wa mita 5, nusu ya wimbi la hezi 34 inaenea kamili kutoka ukuta hadi ukuta. Kwenye masafa hayo besi hujaa karibu na kuta hizo mbili na kufifia katikati. Ukisogeza kipima hatua moja, namba inaweza kuhama kwa desibeli nyingi kuliko tofauti yoyote ya ubora iliyopo kati ya kifaa rahisi na cha ghali. Kuta zetu za matofali ya saruji zinazidisha tatizo, kwa kuwa zinarudisha besi karibu yote, tofauti na kuta nyepesi za mbao na jasi za nyumba nyingi za Marekani, ambako ushauri mwingi wa mambo haya huandikiwa. Stendi ya kushikilia kipima kwenye kimo cha kichwa cha aliyeketi, wewe mwenyewe ukiwa umesimama pembeni, pamoja na wastani wa sehemu tatu au nne za kochi, vina faida kuliko kupanda daraja la kifaa.

Wapo watakaosema risiva za kisasa zina maikrofoni zake na hujipanga zenyewe. Ni kweli, na zitumike. Lakini risiva haikwambii kama katikati ya kazi ilisikia feni au bodaboda iliyopita nje, na kipima rahisi kinatosha kuhakiki ilichokiamua.

Pingamizi ninalolikubali ni la afya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, walipendekeza, kwa wasikilizaji wa vifaa vya muziki, wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na 75 kwa watoto. Hapo desibeli 2 za uongo hazijifuti, maana namba yenyewe ndiyo inayotafutwa. Swichi irudi kwenye A, kifaa kiwe angalau cha daraja la 2 la kiwango cha kimataifa IEC 61672, na kihakikiwe kwa kalibreta, kile kidude kinachovishwa juu ya maikrofoni na kutoa mlio wa desibeli 94. Mzazi ambaye watoto wake hutazama katuni kwa sauti kubwa kila siku ana sababu ya kulipia kifaa hicho.